Mashua ya Ami, Sufuria Yangu

Nilikuwa nimelala chali juu ya kartoni, uso chini ya tumbo la boti, penseli nyekundu mkononi. Boti yenyewe ilikuwa juu ya trela, na ndani yake tulikuwa tumetia maji kwa mpira wa bustani mpaka yakafika kina cha kiganja. Hatukuthubutu kuzidisha. Kila lita 100 za maji ni kilo 100, na bati lililozoea kusukumwa na maji kutoka nje halikuundwa kuyabeba kwa ndani. Dakika tano za mwanzo sikuona kitu. Kisha kichwa kimoja cha ribiti kikaanza kung'aa, kikatunga tone, tone likaning'inia, likaniangukia shavuni. Nikakizungushia duara. Pembeni yake kingine. Tulipomaliza nilikuwa nimechora maduara 31.

Aliyekuwa ameinama akinimulikia tochi ni jirani yangu, mzee ambaye babu zake walikuja hapa Minnesota kutoka Norwe. "Si nyingi," akaniambia. "Nimeziona zinazovuja mia."

Kwa msomaji asiyelijua jina hilo, ribiti ni kile kijisumari butu kinachoshika mkono wa kikaango. Kinapitishwa kwenye tundu, kinagongwa mpaka mkia wake unapanuka, basi. Hakina nati, na hakifunguki ila ukitoboe. Boti yangu ya futi 14 imeshikwa kwa mamia ya vijisumari hivyo.

Mimi ni mtu wa Nungwi, kule ncha ya kaskazini ya Unguja, na nimekulia pale pwani mafundi wanapounda mashua chini ya miti. Ami yangu, mdogo wake baba, ni mmoja wao. Nilipompigia simu kumwambia kwamba nimenunua boti kuukuu ya alumini kwa dola 300, alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, ndiyo hii alumini ya sufuria?"

"Ndiyo hiyohiyo, ami."

"Na inachukua watu?"

"Inachukua watu wanne na mashine."

"Haya. Mwenyezi Mungu akutilie kheri."

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeiita boti. Ni sufuria. Mama akipiga simu huuliza habari za watoto, halafu habari za sufuria.

Na sufuria hii ina ukoo wake, maana kabla ya kuwa boti bati la namna hii lilikuwa la ndege. Katika Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Marekani vilibobea katika kukunja mabati membamba ya alumini na kuyafunga kwa ribiti. Vita vilipokwisha mwaka 1945 mashine zilikuwapo, mafundi walikuwapo, na hapakuwa tena na haja ya ndege nyingi namna ile. Grumman, kampuni ya ndege za kivita ya New York, ikaanza kuunda mitumbwi. Wazo hilo husemwa lilimjia kiongozi wake mmoja, William Hoffman, mwaka 1944, baada ya kutaabika na mtumbwi mzito wa mbao na turubai katika milima ya Adirondack. Huku kwetu Minnesota, Alumacraft ilianzia Minneapolis mwaka 1946, na mwaka 1948 Howard Lund akaunda boti yake ya kwanza ya alumini katika mji mdogo wa New York Mills. Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye eka 10 na zaidi. Boti nyepesi ya kubebwa na watu wawili, isiyooza wala kutaka rangi kila mwaka, ilikuwa imefika mahali pake.

Yangu haina chapa tena, ilishababuka. Haina pia ile namba ya herufi na tarakimu 12 ambayo sheria iliwalazimisha watengenezaji waigonge kwenye kila boti kuanzia Novemba 1972. Kwa hiyo imenizidi umri. Ilikaa nyuma ya gereji ya mtu zaidi ya miaka 20, theluji ikiifunika kila mwaka na kuyeyukia humohumo. Siku nilipokwenda kuichukua nilikuta ndani yake majani yaliyooza, kiota cha panya na kopo la chambo lililogeuka unga wa kutu. Bati lenyewe lilikuwa zima. Alumini ikiguswa na hewa hujivika papo hapo ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo huzuia hewa isiendelee kuila. Ukiikwangua, inajivika nyingine. Boti ilikuwa imesahauliwa tangu kabla sijaja nchi hii, na mtu angeweza kuisahau miaka mingine 20 akaikuta palepale.

Hilo lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu mashua ya ami haisahauliki. Iache juani mwezi mmoja, mbao zinakauka, zinapungua, unaona mwanga katikati ya maungio. Iache majini miezi bila kuikweza, yule mdudu wa baharini mwenye mwili laini kama mnyoo anaingia kwenye mkuku kupitia kijitundu kisichozidi ncha ya sindano, na kwa ndani anachimba njia nene kama kidole. Watu wa huku wana neno lao la kuichukua boti iliyokwisha kufa na kuirudisha, na wana video zisizohesabika za kazi hiyo. Pwani kwetu sikumbuki kulisikia neno la namna hiyo. Tuna kukweza, kukipandisha chombo ufuoni, na tuna kushua, kukirudisha majini, na katikati ya hayo mawili chombo kinapata kila kinachohitaji, kabla hakijafika pa kufufuliwa.

Kukweza kunangoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua kwetu maji hujaa alfajiri na jioni, yakapwa sana katikati ya asubuhi. Chombo kinasogezwa na maji makubwa ya alfajiri mpaka juu kabisa ya ufuo, na maji yakikimbia kinabaki kikavu, kimeegemezwa kwa magogo. Hapo una asubuhi na mchana mmoja. Sisi watoto tulianza kukwangua chaza wadogo na mwani uliogandia chini, wengine wakatumwa kuleta makuti makavu. Makuti hayo yalifungwa mienge, yakawashwa, na moto ukapitishwa chini ya tumbo la mashua kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma. Ni kazi ya mtu mwenye mkono wa kipimo. Ukikawia mahali pamoja unaunguza ubao, ukienda mbio mdudu hafi. Ami alishika mwenge kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulifuata nyuma, kiganja wazi, ukigusa kila ubao baada ya moto kupita. Hakuwa akitazama. Ubao ukimwambia bado, anarudi.

Kisha kalafati. Pamba inasokotwa juu ya paja iwe uzi mnene, inachovywa mafuta, inashindiliwa katika maungio kwa patasi butu na nyundo. Nimekaa saa nyingi nikimsikiliza. Mwanzoni nyundo hutoa mlio mlegevu, kama mtu anayegonga godoro. Pamba ikijaa sawasawa mlio unapanda na kukaza, na ami anasogea mbele kidole kimoja bila kuangalia nyuma. Hata misumari ina pamba yake: kila msumari unaviringishiwa nyuzi zilizotiwa mafuta chini ya kichwa kabla haujapigwa, ili maji yasipate njia. Juu ya mstari wa maji unapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake ukishaipata mwilini unalala nayo siku tatu. Chini unapakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, kwa mkono mtupu, kama mtu anayepaka ukuta udongo.

Jioni maji yanarudi na mashua inashuliwa. Hapa ndipo watu wanapoitwa kwa sauti, na wanakuja: anayetoka kuvua, anayekwenda msikitini, watalii nao siku hizi wanaingiza mabega. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na kwenye kiitikio chombo kinasogea.

Sikilizeni kinachofuata, maana ndicho kinachotenganisha mashua ya ami na sufuria yangu. Usiku ule wa kwanza mashua inavuja, na hakuna anayeshtuka. Mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinajifumba zenyewe juu ya pamba. Mpaka zishibe, mtoto anawekwa kwenye banduru, pale chini ngamani maji yanapokusanyika, apewe kopo, afue maji. Mtoto huyo nilikuwa mimi, miaka minane, na kopo lilikuwa la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Nilifua, nikalala, nikaamshwa, nikafua tena. Na kwa kuwa nilikuwa mle ndani, nilisikia kila kitu: bei ya nguru, nani kagombana na nani, upepo wa kusi ukianza mtu aelekeze wapi, kwa nini usiku huu hatutoki. Hakuna aliyekaa kunifundisha bahari. Niliikuta ikizungumzwa juu ya kichwa changu.

Alumini hainywi maji. Ribiti iliyolegea mwaka ule boti ilipopigwa na mwamba bado imelegea leo, na italegea zaidi kila mawimbi yanapolikunja bati, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachovimba wala kujifumba. Inangoja mtu. Na hapa nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia, kwamba ribiti ngumu haikazwi na mtu mmoja. Anatakiwa mtu nje, ameshikilia donge zito la chuma kwenye kichwa cha ribiti, na mwingine ndani, anagonga mkia. Bila lile donge nyundo inasukuma ribiti yote nje na tundu linapanuka.

Jirani yangu alifanya kazi ya kutengeneza ndege kwa miaka mingi kabla hajastaafu. Alikuja na donge lake mwenyewe, limeng'aa kwa kushikwa, la ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Akanipa mimi, akaingia ndani na nyundo. Hatukuonana, bati lilikuwa katikati yetu. Nilipolishika donge vibaya alijua, kwa sababu mlio ulikuwa mlegevu. "Sogeza," anasema, nami nasogeza. Nikilibana sawasawa juu ya kichwa cha ribiti, nyundo inatoa mlio mfupi mkavu, naye anapita kwenye inayofuata bila neno. Ribiti ya kumi hivi mkono wangu ulianza kutetemeka, si kwa uzito. Nilikuwa nausikia ule mlio wa kalafati ukipanda na kukaza, Nungwi, mchana, na harufu ya sifa.

Kati ya 31 tulizikaza 24. Saba zilikuwa zimechoka, tukazitoboa na kuweka mpya, kila moja ikiwa imepakwa gundi ya baharini chini ya kichwa, sawa kabisa na ile pamba ya msumari wa ami. Madukani zipo ribiti za kuvutwa kutoka upande mmoja, zilizobuniwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake. Zile za kawaida zina tundu katikati na hazifai chini ya mstari wa maji. Zilizozibwa ncha zinafaa. Mzee hakutaka kuzisikia. "Tuko wawili," alisema, kana kwamba hilo linamaliza maneno.

Maungio ya mabati tuliyapaka epoksi kwa ndani, ile nyepesi inayotiririka na kujipenyeza yenyewe. Hiyo haikauki penye baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hivi, nasi tulikuwa Aprili ya Minnesota, kwa hiyo tukangoja wiki mbili. Nyumbani tunangojea bamvua, huku tunangojea joto.

Shetri, ule ubao wa nyuma unaofungiwa mashine, ulikuwa plaiwudi iliyooza ikawa kama sembe iliyolowa. Niliuchota kwa mikono. Mpya tuliufanya kwa plaiwudi mbili zilizogandishwa, unene wa milimita 38, kingo zote zimepakwa epoksi. Nataka kusimama hapa kidogo kwa ajili ya wenzangu wa huku wanaoniandikia kuuliza. Msinunue mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, hata kama muuzaji anawaambia zitadumu. Tangu mwaka 2004 dawa inayotumika zaidi katika mbao za majumbani Marekani ina shaba nyingi, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Mtu anaweka sakafu nzuri ya mbao hizo, baada ya misimu michache bati lina vijitundu kama chujio. Kwa sababu hiyohiyo rangi za shaba za kuzuia chaza, zinazopendwa kwenye vyombo vya mbao, hazifai kabisa kwenye boti hizi. Dawa ya ami ni ini la papa. Lingenuka mtaa mzima, lakini bati lisingeliwa.

Rangi nayo ina siri. Ile ngozi ya alumini niliyoieleza haishikani na rangi. Unakwangua, unasafisha, na siku hiyohiyo unapaka rangi ya kwanza yenye tindikali inayouma bati, kabla ngozi mpya haijanenepa. Mimi nilikwangua Jumamosi nikapaka Jumapili ya wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata rangi ilianza kubanduka kama ngozi ya nyoka upande wote wa kulia. Nikarudia.

Halafu inakuja kazi ambayo watu wa huku wanaipenda kuliko zote, kuigeuza boti iwe yako. Wanaweka sakafu ya juu ya kusimama mtu akitupa ndoano, viti vya kuzunguka, sanduku la samaki hai, taa chini ya kingo, kioo cha kuonyesha kina na samaki. Kazi nyingine ni nzuri mno, unamwona mtu ametia moyo wake wote. Ila karibu wote huanza kwa kukata mabenchi ili wapate nafasi, na hapo sikubaliani nao. Katika boti hizi benchi ni taruma: linashika mbavu mbili zisitanuke wala kubonyea. Na chini ya benchi ndimo mlimo na povu gumu linaloizuia boti isizame ikijaa maji. La kwangu lilikuwa limelowa, zito kama sifongo, nikalitoa lote nikaweka vibao vipya vya povu. Mabenchi niliyaacha yalipo.

Fundi wa kwetu angeyaelewa haya kwa kuyatazama tu. Ami hanunui taruma. Huenda shamba akatembea chini ya mifenesi na mitondoo, shingo juu, anatafuta tawi lililopinda lenyewe kwa kipimo anachokitaka. Ubao wa kukatwa kwa msumeno uwe upinde hukatika, kwa sababu nyuzi zake zimekatwa. Tawi lililokua limepinda lina nyuzi zilizopinda nalo. Niliwahi kumwona amesimama chini ya mfenesi mmoja kama robo saa, kisha akamwambia mwenye shamba, "Taruma langu la sita lile pale," akinyoosha kidole juu kwenye majani. Boti yangu ilipigwa kwenye kalibu, moja baada ya nyingine, zote sawasawa. Mashua za Nungwi hakuna mbili zinazofanana, na mtu mzima wa pale akiona tanga likitokea upeo wa bahari anakwambia ni la nani kabla hajaiona rangi.

Urembo wa kwetu ni wa nje zaidi: mistari ya rangi kwenye ubavu, mwezi na nyota, jina la kuombea heri. Sufuria yangu mke wangu aliiandika Subira kwa rangi nyeupe upande wa kushoto, chini ya ile namba ya jimbo inayoanza na MN, ambayo kila herufi sheria inataka isipungue inchi tatu.

Watu huniuliza ipi bora. Ninawajibu nilichokiona. Sufuria imenigharimu karibu dola 900 zaidi ya ile bei ya kuinunua, nyingi zikiwa gundi na vikopo vidogo vya dawa, na miezi mitatu ya jioni. Karibu kila kitu kililetwa mlangoni na gari la posta. Wiki za mwanzo, kabla jirani hajavuka uzio kuuliza ninafanya nini, nilizungumza na simu tu, natazama video ya mtu nisiyemjua akiwa peke yake ndani ya gereji yake, nami peke yangu ndani ya yangu. Bati lisilohitaji mtu kwa miaka 20 limewazoesha watu kutohitajiana. Ninasema haya kwa huruma, maana watu wa mtaa wangu ni wema mno. Nilipoanza kupiga nyundo walikuja. Mmoja alileta trela yenye magurudumu mazima, mwingine biskuti. Walikuwa wakingoja sababu.

Nyumbani nako si kila kitu ni kizuri, na sitaki kudanganya wenye macho. Mbao nzuri zimekuwa adimu na ghali. Vijana wengi wa Nungwi wanapata riziki hotelini, na siwalaumu. Kukwangua chaza asubuhi nzima kwa ujira mdogo si jambo la kuimbiwa sifa na mtu aliyeko Minnesota. Boti za faiba zinaongezeka. Ni nyepesi, hazinywi maji, hazitaki kalafati, na mvuvi anapumzika. Lakini faiba ikipasuka inataka utomvu wa dukani na kitambaa chake, na yule mzee mwenye sikio la nyundo hana cha kuiambia. Vyombo vyetu vimewahi kubadilika huko nyuma. Zamani mtepe ulishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na mji wa kale wa Rhapta, uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, ulipewa jina kutokana na vyombo vya kushonwa. Ukaja msumari, ujuzi wa kushona ukatoweka pwani. Naogopa kalafati isije ikafuata njia hiyo mikononi mwa kizazi changu, tulioondoka.

Na kama kuna kitu kimoja cha huku ambacho ningekipeleka kesho kama ningekuwa na njia, si alumini. Ni jaketi la kuokolea. Sheria hapa inataka kila aliyemo chomboni awe na lake, na Minnesota mtoto wa chini ya miaka 10 lazima awe amelivaa chombo kikiwa safarini. Mimi nimekaa banduruni usiku kucha, maji meusi pande zote, nina shati na kopo. Kuna niliosoma nao chuo cha Kurani ambao bahari iliwachukua wakiwa na shati na kopo.

Tulishua Jumamosi ya pili ya Juni. Trela ilirudishwa nyuma polepole kwenye njia ya zege mpaka magurudumu yakazama, na boti ikaelea yenyewe. Hakuna aliyesukuma. Mimi na mzee tulisimama pembeni tukitazama, mikono haina kazi, nikamfundisha neno la kuitikia, akaitikia kwa sauti kubwa peke yake. Binti yangu wa miaka minane alikuwa amevaa jaketi lake la rangi ya chungwa. Tulizunguka ziwa kwa muda wa saa mbili, tukapata samaki wawili wadogo tukawarudisha. Tulipoitoa majini nikafungua kizibo cha tezi, kama sheria ya huku inavyotaka kabla boti haijapita barabarani, ili isihamishe kutoka ziwa moja hadi jingine wale kome wadogo wenye milia waliotoka ng'ambo na kuyavamia Maziwa Makuu miaka ya 1980. Maji yaliyotoka hayakujaza kikombe.

Usiku nikampelekea ami picha ya ndani ya boti. Ilikuwa kwake asubuhi. Akanirudishia ujumbe wa sauti, upepo ukivuma nyuma yake na nyundo ya mtu ikigonga mbali.

"Mashaallah, kazi safi. Imekauka kama sahani. Sasa huyo mtoto, mwanangu, umemweka akae wapi?"

Jumamosi iliyofuata tulitoka tena. Kikombe kile kilikuwa kimetoka mahali pamoja: ribiti ya tatu kutoka tezi, mkono wa kushoto, tone moja kila ukihesabu mpaka kumi. Jirani alikuwa na donge lake mfukoni na mimi nyundo ninayo garini. Tukaiangalia wote wawili. Kisha nikachukua dumu tupu la maziwa, nikalikata mdomo kwa kisu, nikampa binti yangu, nikamwonyesha pa kukaa.